Je, Kijana Anayekataa Njia Aliyochaguliwa na Baba Yake Amewaasi Wazazi?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Pumwani, Nairobi. Mume wangu ana duka la vitambaa Eastleigh, na tangu kifungua mimba wetu azaliwe, nia ya baba yake ilikuwa asomee uhasibu kisha alishike duka. Kijana amehifadhi juzuu kadhaa, akafaulu mtihani wa kidato cha nne, na nafasi ya chuo kikuu akaipata. Hakwenda. Amejiunga na mafundi wa chuma pale Kamukunji, anatengeneza masanduku ya wanafunzi na majiko ya makaa. Sasa ana miaka 20. Juzi nilimpelekea chakula cha mchana, nikasimama kando kabla hajaniona. Alilipima bati kwa jicho, akalikata, akalikunja pembe ikakaa sawa, kisha mzee mmoja mwenye mvi akamletea kazi yake aitazame. Alimjibu kwa utulivu na kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu. Nilirudi nikilia, kwa sababu nilihisi nimemwona mtu nisiyemjua. Baba yake ameapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hatakula chakula kilichonunuliwa kwa pesa za kijana huyu mpaka aiache kazi hiyo, na anasema hatampa radhi. Je, mwanangu ametuasi? Na mimi nisimame wapi?

JIBU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Nianze na hukumu, ili moyo wako upate utulivu kabla ya maelezo. Ikiwa mwanao anasali, anazungumza nanyi kwa adabu, hajawatelekeza mnapomhitaji, na kazi anayoifanya ni ya halali, basi kukataa kwake kusomea uhasibu na kushika duka hakumwingizi katika kundi la watoto walioasi wazazi wao. Baba yake ana haki ya kumshauri, ana haki ya kumweleza huzuni yake, na ana haki ya kusikilizwa mpaka mwisho. Lakini kumchagulia mtu mzima mwenye akili timamu mlango wa riziki, kisha kumhesabu kuwa mwenye dhambi asipoingia mlango huo, hilo sheria haikumpa. Ila machozi uliyorudi nayo kutoka Kamukunji yana swali lao, nami naona ndilo kubwa zaidi kuliko lile uliloliandika, kwa hiyo nitaanza na hilo.

Mama, uliyemwona pale ni mwanao, tena pengine siku hiyo ulimwona kwa ukamilifu kuliko siku zote. Mzazi humjua mtoto kupitia yale anayomfanyia: anajua chakula anachokipenda, ugonjwa aliougua akiwa mdogo, kitu alichokuwa akikiogopa usiku. Ujuzi huo ni wa kweli, na hakuna mwanadamu atakayekushinda katika huo. Lakini Mwenyezi Mungu hakuchukua sehemu ya nafsi yako akamgawia yeye. Alimuumbia nafsi yake. Katika hadithi ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba malaika hutumwa kwa mtoto angali tumboni, akaamrishwa kuandika riziki yake, ajali yake (yaani muda wake wa kuishi), amali yake, na kama atakuwa mwovu au mwema. Zingatia kwamba riziki ya kijana huyu iliandikwa ukiwa umembeba, kabla yeyote nyumbani kwenu hajajua kama ni mvulana au msichana. Na katika Surat Maryam, aya ya 95, Mola wetu anasema kwamba kila mmoja wao atamjia Siku ya Kiyama akiwa peke yake. Hatakuja akiwa kijana wa mwenye duka fulani, wala hataulizwa kuhusu matumaini yenu. Ataulizwa kuhusu umri wake aliumaliza katika nini na mali yake aliipata wapi na akaitumia wapi. Mtu atakayesimama peke yake kwenye hesabu ile hana budi kuwa mtu kamili hapa duniani, na siku moja lazima mzazi amwone hivyo. Siku yako ilikuwa ile ya chakula cha mchana.

Ukitaka kuona kwamba jambo hili halikukupata wewe peke yako, mtazame mke wa Imran katika Surat Aal Imran, kuanzia aya ya 35. Mama huyu mwema alikuwa na mpango kwa mtoto wake hata kabla hajamzaa, na mpango wenyewe ulikuwa wa ibada: alimwekea Mola wake nadhiri kwamba kilichomo tumboni mwake kitakuwa wakfu kwa ajili Yake. Mazoea ya watu wake yalikuwa kwamba watumishi wa nyumba ya ibada ni wanaume. Alipojifungua akasema, kwa maana: Mola wangu, nimemzaa mwanamke. Unaweza kusikia mshangao wake ndani ya maneno hayo, na Qur'ani haikumlaumu kwa mshangao huo. Imeeleza tu kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi alichokizaa. Kisha tazama alichokifanya baada ya hapo, maana ndipo penye mafunzo kwetu. Alimpa mtoto jina, akamwita Maryam, akamwombea kinga kwa Mwenyezi Mungu dhidi ya shetani, yeye na kizazi chake. Yaani alimpokea huyu aliyekuja, akamwombea dua huyu aliyekuja, hakubaki akimlilia yule aliyemtarajia. Na aya inayofuata yasema Mola wake akampokea kwa mapokezi mema na akamkuza makuzi mema. Nadhiri ilitimia, tena kwa daraja ambayo mama yule asingeweza kuipanga, lakini ilitimia kupitia mtu ambaye hakuwa katika mpango wake.

Najua mume wako huenda akajibu kwa hadithi ambayo wazazi wengi wanaikumbuka, nayo ni ile iliyopokewa na Ibn Majah kutoka kwa Jabir (r.a.), ya mtu aliyemshtaki baba yake kwamba anataka kuimaliza mali yake, na Mtume (s.a.w.) akamwambia: "Wewe na mali yako ni wa baba yako." Hadithi hii tunaikubali na tunaiheshimu, lakini haina budi kueleweka pamoja na dalili nyinginezo za dini. Wanavyuoni walio wengi wameeleza kwamba maana yake ni wema na ruhusa ya baba kutumia mali ya mwanawe anapohitaji, wala si umiliki. Dalili iliyo wazi kabisa ni aya ya 11 ya Surat An-Nisaa: mtu akifa akaacha mtoto wa kiume na baba, baba anarithi moja tu katika sita, na kinachobaki kinawaendea warithi wengine. Lau mtoto na mali yake vingekuwa milki ya baba, kusingekuwa na mirathi ya kugawa, kwa kuwa mtu harithi kilicho chake tayari. Ikiwa hata shilingi za mtoto hazikuwa milki ya baba, basi umri wake, mikono yake na matamanio yake ya halali viko mbali zaidi na umiliki huo.

Wala mtu asidhani kwamba mtoto kuona jambo tofauti na baba yake ni aibu kwa baba. Katika Surat Al-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, Mwenyezi Mungu ametusimulia kesi ya shamba lililoingiliwa na kondoo wa watu usiku. Wafasiri wamepokea kwamba Nabii Dawud (a.s.) alihukumu kondoo wale wapewe mwenye shamba kama fidia. Mwanawe Sulayman (a.s.) akaona njia nyingine: mwenye shamba akae na kondoo, anufaike na maziwa na sufu yao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Qur'ani inasema wazi kwamba Mwenyezi Mungu alimfahamisha Sulayman hukumu ile, na papo hapo inaongeza kwamba kila mmoja wao alipewa hekima na elimu. Nakuomba umsomee mume wako aya hizi mbili kwa utulivu. Baba ni Nabii na mfalme, mwana bado ni kijana, rai zao zimetofautiana mbele ya watu, rai ya mwana ndiyo iliyoafikiwa, na hakuna aliyepungukiwa na heshima. Dawud hakusema kwamba mwanawe amemvunjia uso. Sulayman naye hakutoka pale akijigamba.

Ama kuhusu kazi yenyewe, hapa wanavyuoni wetu wamesema maneno yaliyo bayana. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, ameandika katika kitabu chake kuhusu hukumu za watoto kwamba mlezi anapaswa kuangalia mtoto ameandaliwa kwa jambo gani, na asimpeleke kwenye jambo jingine maadamu hilo analoelekea limeruhusiwa na sheria, kwa sababu akimlazimisha asichoumbiwa hatafaulu humo na atakikosa kile alichoandaliwa. Anataja mwenye fahamu nzuri na hifadhi kwamba huyo aelekezwe kwenye elimu; anayependa farasi na mishale aelekezwe huko; na ambaye jicho lake limefunguka kwenye ufundi ulio halali na wenye manufaa kwa watu, basi awezeshwe. Kisha anaweka sharti, kwamba yote hayo ni baada ya kufunzwa anayoyahitaji katika dini yake. Mwanao sharti hilo amelitimiza, kwa juzuu alizozihifadhi nyumbani mwenu, na thawabu ya kumfunza hayo hamtanyang'anywa kwa sababu ya nyundo aliyoishika.

Mwalimu wake, Ibn Taymiyya, alisema kwamba hakuna mzazi mwenye haki ya kumlazimisha mtoto kuoa asiyemtaka, na kwamba mtoto akikataa hahesabiwi kuwa ameasi. Hoja yake ni kwamba hata chakula mtu halazimishwi kula anachokichukia, ilhali uchungu wa chakula ni wa saa moja tu, na kuishi na mwenza usiyemtaka ni maudhi ya muda mrefu. Mimi naona kazi inaingia katika kipimo hicho. Mtu huamka nayo kila siku, hushinda nayo, na huzeeka nayo.

Niseme pia jambo ambalo hukuliuliza lakini nimelisoma kati ya mistari. Sitaki maumivu ya mume wako yadharauliwe. Wazazi wengi wa mji huu waliamka alfajiri miaka mingi, wakasimama madukani Eastleigh na vibandani Gikomba, ili watoto wao washike kalamu. Na aliyelipa gharama hiyo akimwona mwanawe amevaa ovaroli iliyochomeka kwa cheche, huona jasho lake limemwagwa chini. Huzuni hiyo ina heshima yake. Lakini sehemu yake nyingine ni kuona haya mbele ya watu, kwamba fulani kijana wake yuko chuo kikuu na wangu yuko kwenye mabati, na haya hiyo haikutoka katika dini yetu. Dawud (a.s.) tuliyemtaja alilainishiwa chuma na Mola wake, akaamrishwa kutengeneza deraya, yaani mavazi ya chuma ya vitani, na kupima sawasawa viungo vyake, kama ilivyo katika Surat Sabaa, aya ya 10 na 11. Bukhari amepokea kutoka kwa Miqdam (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amesema hakuna aliyekula chakula bora kuliko kile alichokipata kwa kazi ya mikono yake, na kwamba Nabii Dawud alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake. Kijana anayelipima bati vizuri na asimdanganye mnunuzi yumo katika sunna ya Mitume. Lau angekuwa mhasibu anayeandika hesabu za riba, tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa, na hapo ningesimama upande wa baba yake bila kusita.

Hata hivyo, kijana naye asome maneno haya akiwa amekaa chini. Uhuru wa kuchagua kazi haukumpa uhuru wa kuinua sauti, kukata mguu nyumbani, au kujibu "sitaki" na kuondoka. Surat Al-Israa, aya ya 23, imemkataza hata kuwaambia wazazi neno la kuonyesha kuchoshwa. Katika Surat Luqman, aya ya 15, mtoto ambaye wazazi wake wanamlazimisha ushirikina, jambo ambalo ni haramu kuwatii, bado ameamrishwa akae nao duniani kwa wema. Basi itakuwaje kwa baba ambaye kosa lake ni kumtakia maisha mepesi? Aende kwa baba yake, amsalimie kwa heshima aliyoizoea tangu utotoni, amweleze kazi yake kwa uwazi, na asichoke akifukuzwa mara ya kwanza. Asiache sala ya adhuhuri kwa sababu oda ni nyingi. Na ajue kwamba hukumu niliyoitoa hubadilika hali ikibadilika: baba akiugua, au duka likawa linaanguka na hakuna mwingine wa kuwasimamia, kuwahudumia wazazi wenye haja ni wajibu, na hapo atatakiwa atoe muda wake na mali yake.

Umeuliza usimame wapi. Simama kati yao, lakini usiwe mbeba maneno. Usimpelekee kijana kila neno la hasira alilolisema baba yake usiku, wala usimpelekee baba malalamiko ya kijana. Mtafute mjomba wake au mzee mmoja wa msikitini ambaye wote wawili wanamheshimu, awakalishe. Wewe binafsi, rudi Kamukunji siku nyingine, na safari hii usisimame kando. Kaa, umuulize nani aliyemfunza, kazi gani humpa shida, angependa kufika wapi. Muulize kwa kutaka kujua, na uwe tayari kwa jibu ambalo hukulitarajia. Sahl bin Sa'd (r.a.) amesimulia, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji akanywa, na kuliani kwake kulikuwa na mvulana, kushotoni kwake wazee. Akamuuliza mvulana: "Je, utaniruhusu niwape hawa?" Mvulana akasema, la, wallahi, fungu langu litokalo kwako sitampendelea yeyote. Mtume (s.a.w.) akamwekea chombo mkononi. Kiumbe bora kuliko wote alimuuliza mtoto swali la kweli, akapewa jibu la hapana mbele ya watu wazima, na akaliheshimu. Sisi mara nyingi huwauliza watoto wetu maswali ambayo jibu lake tumeshaliamua, kisha tunakasirika wakijibu jingine.

Na wale watatu waliobaki, msihamishie mpango wa duka kwa anayefuata kimya kimya. Muulizeni yeye naye, awe wa kiume au wa kike. Wala msimnyime kifungua mimba wenu zawadi mnazowapa ndugu zake kwa sababu ya kazi yake, kwani Mtume (s.a.w.) alimwambia baba yake Nu'man bin Bashir: "Mcheni Mwenyezi Mungu na mfanye uadilifu baina ya watoto wenu."

Kuhusu radhi, mweleze baba watoto kwamba kumnyima mtoto radhi kwa jambo la halali hakumfanyi mtoto kuwa mwenye dhambi. Na ulimi wake auchunge sana. Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) ametukataza kujiapiza wenyewe, kuwaapiza watoto wetu na kuiapiza mali yetu, tusije tukaiafiki saa ambayo Mwenyezi Mungu huombwa akajibu. Baba aliyekasirika leo huenda akatamani kuyarudisha maneno hayo kesho, na asiweze.

Limebaki suala la kiapo. Mume wako ameapa kwa Mwenyezi Mungu, kwa hiyo kiapo kimefunga, lakini hakimfungi katika kukata udugu. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mtu kung'ang'ania kiapo chake kuhusu ahali zake ni dhambi kubwa zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko kutoa kafara aliyofaradhishiwa. Basi ale chakula cha mwanawe na atoe kafara iliyotajwa katika Surat Al-Maida, aya ya 89: kuwalisha maskini kumi, au kuwavisha. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, kila maskini hupewa mkononi mudi moja (kipimo cha ujazo) ya chakula kikuu cha mji. Kwa mchele, atakayempa kila mmoja kilo moja ametoka kwenye shaka. Anaweza kuitoa kabla ya kula au baada yake. Wengi wetu hukimbilia kufunga siku tatu, lakini saumu hiyo ni ya asiyeweza kulisha wala kuvisha, na mwenye duka la vitambaa haimtoshelezi. Kwake yeye huenda jepesi zaidi likawa kuwapa maskini kumi nguo moja moja kutoka dukani mwake.

Wallahu aalam.